Zamu ya Dresa Mkuu

Ukimnyooshea mkono Dresa Mkuu, yeye alikupa kiwiko. Siku ya kwanza nilipofika hospitali ya Same kuomba kazi, nilikishika kile kiwiko nikakitikisa kwa heshima zote, nikadhani ndiyo salamu ya serikali. Nikaenda kuifundisha nyumbani Suji, na kwa muda vijana wa Suji tulikuwa tunasalimiana kwa viwiko kama majogoo. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba mzee alikuwa tu amekwisha kunawa, hataki kunawa tena.

Jina alikuwa nalo, na watu wa kwao Kighare wanalijua. Sisi tulimwita Dresa Mkuu, naye alituita kwa mahali tulikotoka. Mimi nilikuwa Suji. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa Kisiwani, kijana mrefu wa kule chini tambarare, mtu wa swala tano, aliyetibu mbuzi kabla hajaanza kutibu watu. Wa tatu alikuwa Kighare, wa kijiji kimoja na mzee, na kwa sababu hiyo tulimshuku kila siku kwamba anapendelewa, ingawa ndiye aliyegombezwa kuliko sisi wote. Sisi watatu tulikuwa wanafunzi wa udresa, yaani kazi ya kufunga vidonda na kumsaidia daktari. Kwa upande wa elimu mimi niliishia darasa la nne, na hilo nalo sikulimaliza. Nilitoka katikati ya hesabu za kugawanya, ndiyo maana mpaka leo nikigawa kitu lazima kibaki.

Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba moja ndefu ya mabati, karibu na reli, na picha ya Mfalme ukutani akitutazama tunavyofuta usaha. Kulikuwa na chumba cha vidonda, chumba cha sindano, na kiti cha meno barazani, ili wanaosubiri waone na waamue kama jino bado linauma. Mwisho kabisa kulikuwa na chumba cha upasuaji. Kioo cha dirisha lake kilipakwa rangi nyeupe. Ufunguo wake haukulala Same, ulilala Moshi mfukoni mwa daktari Mzungu, aliyekuja kwa treni kila Ijumaa jioni, akapasua Jumamosi, akarudi. Siku hiyo mwanafunzi mmoja aliingia naye kushika beseni na kumpa vyuma, na jioni akakifagia chumba kabla hakijafungwa. Kila kijana aliyeajiriwa pale alikitaka chumba hicho na hakuna alichokitaka zaidi.

Msituone wajinga. Mtu wa vidonda ananuka vidonda mpaka kanisani. Mtu wa meno anakimbiwa na watoto. Mtu wa sindano ana nafuu kidogo, lakini wanawake wanamkumbuka kwa mahali alipowachoma. Lakini aliyetoka chumba cha upasuaji alipita sokoni na zile buti nyeupe za mpira, nao watu wakasema, "Daktari huyo." Wazee wenye mabinti walimkaribisha chai. Mimi nilikuwa namtazama binti mmoja pale sokoni, na baba yake alikuwa ameniuliza mara mbili, "Hivi wewe kijana, pale hospitali unashughulika na nini hasa?" Mara zote mbili nilikohoa.

Tabu yangu ilikuwa Jumamosi. Sisi wa Suji ni watu wa kusali Jumamosi. Kisiwani alisali Ijumaa, Kighare alisali Jumapili pamoja na mzee, na kwa kazi za kawaida jambo hilo lilikuwa baraka, maana kila mmoja alimshikia mwenzake siku yake na hospitali haikufungwa kamwe. Lakini daktari alipasua Jumamosi. Mungu wangu na kisu changu viligombea siku moja, na Mungu alikuwa na mama yangu upande wake.

Kwa hiyo chumba kile nilikuwa nakijua kwa nje tu. Kila nilipofikiwa, nilimkopesha Kisiwani nafasi yangu, nikimwambia atanilipa siku daktari atakapokuja Jumatano. Daktari hakuwahi kuja Jumatano.

Nimesema nilipofikiwa, na hapa lazima niseme jinsi mzee alivyotugawia. Kwetu milimani maji ya mashamba yanakusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Ukiiba zamu ya mwenzio unatozwa mbuzi, na huyo mbuzi si kitu. Kitu ni mama yako kutazamwa mtoni na wanawake wenzake. Na yule anayegawa maji yeye humwagilia wa mwisho, asije akasemwa. Kisiwani kule chini wana mifereji yao, na sheria ni hizo hizo. Basi Dresa Mkuu alikigawa chumba cha upasuaji vilevile. Hakutazama nani ana akili wala nani ana mikono mizuri. Jumamosi hii wewe, Jumamosi ijayo mwenzio. Ukiugua, unakopesha. Ukikopesha, unadai.

Na kwa kuwa sisi ni Wapare, zamu zilileta kesi. Jumamosi moja reli ilisombwa na mvua, daktari hakufika, na zamu ilikuwa ya Kighare. Jumamosi iliyofuata Kisiwani akavaa aproni. Kighare akaikamata ile aproni kwa nyuma.

"Vua! Zamu yangu hakupasuliwa mtu!"

"Yako ilipita," Kisiwani akasema. "Nani kakwambia uombe mvua?"

Wakapelekana kwa mzee. Alikaa kwenye sanduku la dawa alilolipindua, akasikiliza upande huu, akasikiliza na huu, akaita na mashahidi, yaani mimi na mpishi, nasi tulitoa ushahidi mrefu wa mambo ambayo hatukuyaona. Mwishowe akasema, "Ndiva isipojaa, zamu haijafika. Kisiwani, vua aproni." Kighare akacheka mpaka mzee akamgeukia. "Na wewe kaichemshe kwanza. Umeishika na mikono ya vidonda."

Chemsha. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimletea mkasi uliochemka, aliutazama kwenye mwanga akasema, "Chemsha tena." Ukimwambia umepata mchumba, alisema, "Chemsha tena," maana yake usiharakishe. Mkewe alitusimulia kwamba nyumbani alichemsha vijiko, akachemsha wembe, akachemsha mpaka kamba za viatu. Kanisani kwao Kighare walimpa heshima ya kutunza vikombe vya meza ya Bwana. Akavichemsha. Vilikuwa vya bati lililoungwa, masikio yakabaki ndani ya sufuria, na Jumapili hiyo waumini walikunywa kwa kushika kikombe kwa viganja viwili kama togwa. Wazee wa kanisa wakamnyang'anya ile kazi. Yeye hakuona alipokosea. "Lakini vilikuwa safi," alituambia.

Mtu huyohuyo, siku ya msiba au harusi, alikaa kwenye mduara wa wazee akapokea kibuyu cha dengelua kilichopita midomo yote ya Ugweno, wenye meno na wasio nayo, akanywa bila hata kufuta ukingo. Nilimuuliza. Akaniambia pombe ya miwa inajichemsha yenyewe tumboni. Nikamwamini, nikaifanyia uchunguzi kwa muda mrefu, na sikupata majibu kamili kwa sababu kila mara nililala.

Foleni ya wagonjwa nayo aliilinda kama zamu ya maji. Shemeji ya mtawala alikuja siku moja na jino, akapita moja kwa moja mbele. Mzee akampa kiwiko, akamwamkia vizuri, kisha akamrudisha nyuma ya mama mmoja wa Kimasai mwenye mtoto anayehara. Yule bwana akasema, "Unajua mimi ni nani?" Mzee akajibu, "Ni wa mwisho, Bwana," kwa sauti ya kumpa mtu habari anayoihitaji.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepita foleni yote kila alipokuja, naye alikuwa mkwewe, mama wa mkewe, mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Kwa mila mtu na mama mkwe hawatazamani. Basi bibi alikaa kwenye benchi amejifunika khanga mpaka kichwani, mguu tu ndio uko nje, na Dresa Mkuu alimfunga bandeji huku uso wake umeelekea kwenye bati la paa. Jasho likimtoka. Hakukosea hata mzunguko mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, ingawa wote walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mama asiukunje mguu."

"Mama, usiukunje."

"Mwambie huyo mtu sijaukunja."

"Mzee, hajaukunja."

Nilimuuliza kwa nini bibi hapangi foleni kama watu. Akasema, "Akikaa muda mrefu, mimi na yeye wote tunaumwa."

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilikaa nalo miaka bila kulielewa. Jumamosi sisi wa Suji tulisali nyumbani kwa fundi cherehani mmoja pale Same, na mchana tukitoka, njia yangu ilipita hospitali. Nilimkuta Dresa Mkuu nyuma ya chumba cha upasuaji. Palikuwa na jiko la mkaa na sufuria ya kuchemshia vyuma, na ukutani kitundu kidogo chenye mlango wa mbao cha kupitishia vyuma ndani. Alichemsha, akapitisha, kile kimlango kikafungwa. Kisha akaegemeza sikio kwenye ukuta. Ndugu wa mgonjwa walikaa chini kwenye kivuli cha nyumba, wakimtazama yeye.

"Sasa ameweka kisu," aliwaambia. Ndani kilisikika chuma kikigonga beseni. "Sasa ameomba koleo. Zile ndogo." Kimya. "Anatafuta. Msiogope, huwa anatafuta." Kimya tena, kirefu. Halafu tik, tik. "Anashona." Na wale ndugu wakashusha pumzi wote kwa pamoja.

Nilimuuliza Kisiwani, aliyekuwa ndani siku hiyo kwa zamu yangu niliyomkopesha. Akasema ndivyo ilivyokuwa, hatua kwa hatua, ila mzee alikosea pale pa kutafuta. Daktari hakuwa anatafuta, alikuwa anapiga chafya.

Mimi nikadhani mzee anafanya vile kwa kuwahurumia ndugu. Kighare alisema anafanya kwa kujionyesha. Kisiwani alisema labda anasikia baridi, na ule ukuta una joto la jiko. Hayo ndiyo mawazo matatu ya watu watatu waliokuwa wanajiandaa kuwa madaktari. Hakuna aliyefikiri kumuuliza mwenyewe kama amewahi kuingia.

Ilipokuwa karibu na mvua za masika, daktari alitukusanya barazani Ijumaa moja jioni, na begi lake bado mkononi.

"Mmoja wa dresa wangu atakwenda Dar es Salaam," akasema, "kujifunza kazi ya chumba cha upasuaji. Akirudi, chumba hiki kitakuwa chake. Hakuna zamu tena. Nataka mtu mmoja aliye bora. Shindaneni. Mvua zikiisha, Dresa Mkuu atanipa jina."

"Chake siku zote?" mzee akauliza.

"Siku zote."

Mzee akamtazama kama mtu aliyesikia kwamba ndiva nzima imepewa nyumba moja.

Dar es Salaam walipasua hata Jumatatu, Kisiwani alikuwa amesikia hivyo kwa mtu wa reli. Ningekuwa mtu wa upasuaji na mtu wa Suji kwa pamoja. Ningemjibu baba wa yule binti bila kukohoa. Na ningeona hatimaye kuna nini nyuma ya kile kioo cheupe.

Tukaanza kushindana. Kighare alikariri majina ya vyuma kwa Kiingereza akiyaimba kama zaburi wakati wa kufua, na kila kipande cha nguo alikipa jina la chuma. Kisiwani alishona mbuzi. Alianza na waliojeruhiwa na fisi, jambo jema, lakini waliojeruhiwa walipokwisha aliendelea, na mfanyabiashara mmoja wa pale Same akakuta mbuzi wake ana mshono sikioni na hakumbuki alijeruhiwa lini. Mimi sikuwa na mbuzi. Nilipasua viazi vitamu nikavishona kwa uzi wa katani. Niliponya viazi vingi. Kimoja nilikiona kimetoka vizuri kabisa, mshono umenyooka, nikampelekea Dresa Mkuu kwenye sahani.

Akakigeuza upande huu na huu. Akakinusa.

"Chemsha," akasema.

Mama mwenye nyumba nilikopanga akakichemsha kweli, na mgeni wake akatoa uzi wa katani kinywani, mrefu, akiuvuta taratibu mbele ya watu wote.

Zaidi ya hapo tulibaki kumchunguza mzee. Anatazama nini? Atachagua kwa kipimo gani? Kisiwani alisema anatazama kucha, tukakata kucha mpaka damu. Kighare alisema amegundua kwamba mzee anapenda mtu asiye na pupa, kwa hiyo mchana tulikula makande polepole, punje moja moja, tukitazamana nani atamaliza wa mwisho, mpaka mpishi akaja kutunyang'anya sahani akisema kama hatukitaki chakula chake tuseme tu. Mzee alipita akatuona. Siku zile alikuwa amekuwa mkimya sana, hata vyuma vibovu alivipokea bila kuvirudisha. Mara mbili nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, umefungwa na ufunguo uko Moshi, na yeye amesimama tu.

Mvua zikaisha. Daktari akaja, na Jumamosi asubuhi, kabla ya kupasua, akatuita barazani. Mimi nilikuwa njiani kwenda kusali, nimevaa koti la marehemu babu. Nikasimama uani, nje ya ngazi, nikijiambia kwamba kusimama si kazi.

"Haya," daktari akasema. "Nani?"

Dresa Mkuu akasogea hatua moja mbele.

"Mimi, Bwana."

Daktari alicheka, akifikiri ni mzaha. Sisi hatukucheka kwa sababu tulikuwa tunamjua.

"Wewe una mvi."

"Ndiyo, Bwana. Zimeota nikisubiri."

"Nilikuambia uchague mmoja wa hawa."

"Ulisema mmoja wa dresa wako. Mimi ni dresa wako."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatugeukia sisi. "Ninyi mnasemaje? Mkikataa, nitawapa mtihani sasa hivi, na mmoja wenu atapanda treni. Semeni."

Pale ndipo nilipomtazama mzee vizuri. Mikono yake, ile aliyowaficha watu wote kwa miaka yote, alikuwa anaisugua kama anayenawa bila maji. Akaiingiza mifukoni. Macho yake yalikuwa sakafuni. Mgawa maji aliyejigawia mwenyewe, mbele ya watu. Tungesema neno moja tu, asingeweza tena kukaa kwenye mduara wa wazee kule Kighare. Na sisi kila mmoja alikuwa na neno hilo mdomoni, limekwisha kulowa mate.

Kighare ndiye aliyeanza. "Ngoja tuhesabu," akasema. "Kisiwani ameingia. Mimi nimeingia. Suji amekopesha, kwa hiyo anadai, lakini zamu zimemfikia. Mzee?"

"Mzee sijamwona ndani," Kisiwani akasema.

"Na kabla yetu? Kabla hatujaja, Mzee, uliwahi kuingia?"

Dresa Mkuu akajibu bila kuinua uso. "Mgawaji huingia wanafunzi wote wakishamaliza mafunzo, na kila ikinifikia, analetwa mwanafunzi mpya. Mgeni hawekwi nyuma ya mgawaji. Nampisha."

"Miaka yote?"

"Ninyi mlipokuja, ilikuwa imenifikia."

Nikaona kwenye akili yangu sikio la mzee kwenye ule ukuta, na vyuma vinagonga beseni upande wa pili. Haikuwa kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa wala kwa joto la jiko.

"Basi ni zamu yake," Kighare akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezika ng'ombe.

"Yake," Kisiwani akasema. "Hata akiwa na mvi, maji ni yake."

"Na yule aliyesimama uani?" daktari akauliza.

Nami niseme ukweli, nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kwa ajili ya kukataa kabisa. Nikawaona wanawake wa Suji mtoni, wamesimamisha madebe yao, wanamtazama mama yangu.

"Zamu ni yake, Bwana," nikasema. "Na mimi leo sifanyi kazi."

Daktari akatikisa kichwa. "Nimewaambia mshindane," akasema, "ninyi mmepanga foleni." Lakini alisema akitabasamu, akaenda kufungua mlango. Mzee alimfuata kwa macho mpaka ndani, halafu akazunguka nyuma kwenda kuchemsha vyuma, kama kawaida. Siku hiyo bado ilikuwa ya Kighare.

Tulimsindikiza stesheni. Mkewe alimfungia mayai ya kuchemsha, na mzee akauliza yamechemka muda gani.

Aliporudi, chumba kikawa chake, na zile buti nyeupe zilikuwa kubwa mno kwake, akitembea zinapiga pwa, pwa, mpaka wagonjwa walijua anakuja kabla hajaonekana. Kisiwani akashika udresa mkuu, akawa mgawaji, akarithi na lile sanduku. Kighare alichukua sindano, baadaye akahamia Moshi, nasikia ni mtu mkubwa huko na bado anaimba vyuma. Mimi nikapewa kazi ya safura, ile minyoo inayokunywa damu ya watu. Nilitembea milima yote na darubini kwenye sanduku, nikiomba watu choo chao kwenye jani la mgomba, na nikiwaambia wachimbe mashimo. Wananiita Bwana Choo. Yule binti aliolewa na mtu wa reli. Baba yake alipouliza mara ya tatu ninashughulika na nini, nilimjibu ukweli kamili, akahamisha kiti. Binti wa pili hakuuliza, nami nikamwoa haraka kabla hajauliza.

Lakini udadisi haukuniisha. Kila nilikopita nilimtafuta mtu aliyepasuliwa Same, nikamuuliza: Dresa Mkuu akiwa kazini yukoje? Mkono wake mwepesi? Anasema kitu? Wengine walisema ni mtu wa pole. Wengine walisema daktari humngoja yeye, na si yeye kumngoja daktari. Mama mmoja wa Mamba aliapa kwamba mzee ndiye hupasua na Mzungu anashika beseni. Nilipomuuliza aliona wapi, akasema, "Nitaonaje, baba? Si nilikuwa nimelala?" Wote walikuwa wamelala. Hakuna mtu milima yote ya Upare aliyemwona Dresa Mkuu akifanya kazi aliyoisubiri mpaka akaota mvi.

Ikafika wakati ukutani amewekwa Malkia badala ya Mfalme, na vijana sokoni wanabishana habari za uhuru. Nami siku moja kule milimani, nikiinua jiwe la kufunikia choo cha watu, nikasikia kitu kimeachia chini ya kinena. Ngiri. Nikashushwa Same juu ya machela, mke wangu anafuata nyuma na kikapu, akiwaambia wote tuliokutana nao nimeumia wapi.

Wakaniingiza. Ndiyo, humo. Nikazisikia zile buti, pwa, pwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Suji." Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, kama kile kioo cha dirisha. Akanitazama kwenye kile kitanda kirefu. "Ulikuwa unataka sana kuingia humu."

"Mzee, leo ni Jumamosi."

"Kulala si kazi," akasema.

Daktari, huyu mwingine kijana, alikuwa bado ananawa. Mzee akainama karibu yangu. "Siku ile nilidhani mtakataa," akasema. "Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wa kurudi Kighare kulima. Kwa nini hukukataa?"

"Mama angetazamwa mtoni."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu asiyekizoea. Nikaona hapo ndipo pa kuomba.

"Mzee, nina ombi. Nataka nione unavyofanya kazi. Leo nimeingia, basi niache nione, hata kidogo tu."

"Tazama," akasema. "Sijakukataza. Hesabu kwa sauti."

Akaniwekea kitambaa puani na kuanza kudondosha dawa, tone, tone, kwa mkono ambao haukutetemeka hata kidogo. Nikafungua macho yangu yote. Nikaona taa. Nikaona koleo zile ndogo, zimepangwa kama samaki. Nikaona kitundu cha ukutani kinafunguka na mkono wa Kisiwani unapitisha sufuria inayotoa moshi, na mzee anachukua chuma kimoja, anakiinua kwenye mwanga, anakirudisha kitunduni. Nilijua atasema nini. Nikahesabu, moja, mbili, tatu, niko macho, nne, sasa ndiyo ataanza, sasa nitaona—

Mdomo ulikuwa mkavu kama majivu.

"Mzee, mbona huanzi?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Sijaona kitu!"

"Mkeo ameona," akasema. "Kisiwani amemhadithia yote huko nje ukutani. Kamuulize."

"Nirudishe, Mzee. Nirudishe kidogo tu. Nakudai, nilikopesha Jumamosi zangu zote!"

Akanivuta shuka mpaka kifuani, akalinyoosha.

"Zamu yako imekwisha, Suji. Kuna mama anasubiri mlangoni."

Kisha akaninyooshea kiwiko, nami nikakishika nikakitikisa kwa heshima zote.